Posho na Maharagwe: Somo la Chakula na Homoni za Mwili

Katika masomo yetu ya elimu ya wafanyakazi tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, saa za kazi na usalama wa mashine. Somo la leo linahusu sahani. Tunalileta katika ukurasa huu kwa sababu chakula cha mchana kinachotolewa kiwandani au shambani ni sehemu ya ujira wetu, na kwa wengi wetu ndicho mlo mkubwa kuliko yote ya siku. Mlo huo ukipimwa vibaya, anayelipa gharama ni mwili wa mfanyakazi, na hulipa polepole kwa miaka mingi.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa ndugu zetu wa Kenya na Tanzania, posho ni mgawo au malipo anayopewa mtu aliye kazini. Tangu enzi za misafara ya wapagazi, posho ilikuwa kipimo cha chakula cha siku. Hapa Uganda mgawo huo mara nyingi ulikuwa unga wa mahindi, na jina la mgawo likageuka kuwa jina la chakula chenyewe. Kwa hiyo mfanyakazi anayeuliza, "Mgawo huu umepimwaje?" anauliza swali lililomo ndani ya neno posho tangu zamani.

1. HOMONI NI NINI?

Mwilini mna tezi kadhaa. Kila tezi hutengeneza kitu chake maalumu na kukiingiza katika damu. Kitu hicho huitwa homoni. Homoni ni kama tarishi wa ofisi: hubeba ujumbe kutoka idara moja hadi nyingine. Tarishi akifika kwa wakati, kazi huenda. Asiposikilizwa, idara zote huvurugika. Homoni ni nyingi, lakini katika somo hili tutazishika mbili tu ambazo zinahusiana sana na chungu chetu.

Ya kwanza ni insulini. Hutoka katika kongosho, kiungo kilicho nyuma ya mfuko wa chakula. Tukila posho, chapati, wali au matoke, wanga uliomo huvunjwavunjwa kuwa sukari na kuingia katika damu. Hapo insulini hutumwa kuiambia misuli na ini ipokee sukari hiyo, ama itumike kama nguvu ama iwekwe akiba. Sukari ikiingia kwa kishindo, insulini nyingi hutakiwa kwa mara moja. Mambo yakiendelea hivyo kwa miaka, hasa kwa mtu aliyeongezeka kitambi na asiyefanya mazoezi, mwili huanza kutosikia ujumbe. Kongosho huongeza insulini, mwisho huchoka. Huo ndio ugonjwa wa kisukari wa aina ya pili.

Ya pili ni homoni ya tezi iliyo shingoni, mbele ya koo. Hiyo huongoza kasi ya mwili mzima: joto, mapigo ya moyo, nguvu ya kazi, na kukua kwa ubongo wa mtoto tangu akiwa tumboni. Haiwezi kutengenezwa bila iodini, ambayo wengine huiita madini joto. Ikikosekana, tezi huvimba ikijaribu kufanya kazi, na shingo hutoka rovu.

2. MADAKTARI WA MULAGO WALIONA NINI?

Habari hii ina mizizi hapahapa Kampala. Dk. Hugh Trowell alifanya kazi katika hospitali ya Mulago kuanzia miaka ya 1930 hadi mwaka 1958. Yeye na wenzake waliwatibu watoto wengi wenye kwashakoo, ugonjwa wa kukosa chakula cha kujenga mwili, na mwaka 1954 walitoa kitabu juu yake. Watoto hao waliachishwa ziwa wakalishwa vyakula vya wanga karibu peke yake.

Lakini daktari huyohuyo aliona jambo jingine. Miongoni mwa watu wazima waliotoka vijijini, magonjwa yaliyojaa katika hospitali za Uingereza, kama vile kisukari, ugonjwa wa moyo na kufunga choo, yalikuwa machache mno. Mwenzake, Dk. Denis Burkitt, aliyekuwa daktari wa upasuaji Mulago hadi miaka ya 1960, aliona vivyo hivyo. Baadaye Burkitt na wenzake walipima hata uzito wa kinyesi cha watu wa nchi mbalimbali. Matokeo waliyotoa mwaka 1972 yalionyesha kwamba kinyesi cha wanakijiji wa Uganda kilikuwa kizito mara kadhaa kuliko cha mabaharia wa Uingereza, na chakula kilipita tumboni mwao kwa muda mfupi zaidi. Watu wengine walicheka, lakini madaktari walijifunza. Mwaka 1975 Burkitt na Trowell walitoa kitabu wakieleza kwamba kukoboa nafaka na kuondoa nyuzinyuzi zake kunahusiana na magonjwa hayo.

Tuwe waadilifu katika kusoma habari hii. Wanakijiji wa wakati huo walitembea sana, walilima kwa mkono, na wachache walikuwa na vitambi. Chakula hakikuwa sababu pekee. Lakini tukiyaweka pamoja mambo mawili ya Mulago, la watoto waliokosa chakula cha kujenga mwili na la wazee waliolindwa na nyuzinyuzi, tunafika kwenye chakula kimoja kilicho na vyote viwili: jamii ya kunde, yaani maharagwe, kunde, mbaazi, choroko na dengu.

Siku hizi mambo yamegeuka. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2014 ulikuta kisukari kwa watu wazima 1.4 kwa kila 100, na mijini kilizidi vijijini. Karibu nusu ya waliokutwa nacho hawakujua kwamba wanacho. Tumbo la mfanyakazi wa mjini limeanza kufanana na la yule baharia.

3. UNGA AU MAHARAGWE: KIPI KINA UZITO ZAIDI?

Punje ya mahindi ina sehemu tatu: ganda, kiini kinachoota, na wanga mweupe. Ganda lina nyuzinyuzi. Kiini kina mafuta, vitamini na madini. Mashine ya kukoboa huondoa ganda na sehemu kubwa ya kiini, na mfanyakazi hupewa wanga. Pumba huuzwa kulishia kuku na nguruwe. Hivyo kuku hupata sehemu bora kuliko mtu anayemfuga.

Unga ambao haukukobolewa, ndugu wa Tanzania huuita dona. Una faida, na wimbi una faida zaidi, maana una kalsiamu nyingi kupita mahindi na husagwa pamoja na ganda lake. Lakini msomaji asidanganyike kwamba kubadili rangi ya unga kunamaliza kazi. Nafaka yoyote ikisagwa laini sana, sukari yake huingia haraka. Mlima wa dona bado ni mlima wa wanga.

Kitu kinachobadilisha hali zaidi ni maharagwe. Mwaka 1981 Dk. David Jenkins na wenzake walipima jinsi vyakula 62 vinavyopandisha sukari katika damu. Jamii ya kunde ilipandisha kidogo kuliko nafaka. Wanga wa maharagwe umefungwa ndani ya kuta ngumu na nyuzinyuzi, kwa hiyo hutoka polepole, na insulini hupata nafasi ya kufanya kazi bila kukimbizwa. Mwaka 1982 watafiti haohao walionyesha kwamba mtu aliyekula dengu asubuhi, sukari yake haikupanda sana hata alipokula chakula cha mchana. Yaani maharagwe ya mlo huu husaidia mlo ujao pia. Kwa mtu wa zamu ya usiku jambo hili ni kubwa, maana usiku mwili haushughulikii sukari vizuri kama mchana.

Tena nafaka na maharagwe hukamilishana katika protini. Mahindi yana upungufu wa sehemu moja ya protini iitwayo laisini, ambayo maharagwe yanayo kwa wingi. Na maharagwe yana upungufu wa nyingine ambayo mahindi yanayo. Vikipikwa pamoja, mwili hupata protini iliyo karibu na ile ya nyama, kwa bei ambayo kibarua anaweza kuimudu.

4. MIZANI YA SAHANI

Katika kantini nyingi tunaona mlima wa posho nyeupe, na pembeni mchuzi ambao maharagwe yake hutafutwa kwa tochi. Basi tufanye hesabu. Kwa mtu mzima afanyaye kazi ya nguvu, kipimo kizuri cha mlo mkuu ni hiki: unga sehemu mbili, maharagwe makavu sehemu moja. Kwa watu 100 itakuwa hivi:

Unga wa mahindi usiokobolewa, au mahindi na wimbi: kilo 20.
Maharagwe makavu: kilo 10.
Mchicha, nakati au sukuma wiki: kilo 8.
Karanga zilizotwangwa: kilo 2.
Nyanya na vitunguu kadiri ya uwezo.
Chumvi yenye iodini: gramu 200.

Hapo kila mtu amepata gramu 200 za unga na gramu 100 za maharagwe. Maharagwe hayo peke yake yana protini kama gramu 22, na unga huongeza kama gramu 16. Kantini ikipika kilo 4 za maharagwe badala ya 10, kila mtu amenyimwa zaidi ya gramu 13 za protini pamoja na nyuzinyuzi zake, hata kama sahani imejaa hadi ukingoni. Kwa hiyo usipime mlo kwa urefu wa mlima wa posho. Pima kwa kilo za maharagwe zilizoingia katika sufuria.

5. JINSI YA KUPIKA

Chagua. Ondoa mawe, na tupa punje zote zenye kuvu au zilizobadilika rangi, za mahindi, karanga na maharagwe. Kuvu huleta sumukuvu, ambayo haimalizwi na moto wa jikoni na huharibu ini. Mwaka 2004 mashariki ya Kenya watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Unga usiokobolewa una mafuta ya kiini na huchacha upesi. Ununuliwe kidogo kidogo na uhifadhiwe mahali pakavu.

Loweka. Maharagwe yalowekwe jioni katika maji mengi, yapikwe kesho. Maji ya kulowekea yamwagwe. Kufanya hivyo hupunguza gesi tumboni na kupunguza muda wa kupika, kwa hiyo huokoa makaa. Choroko na dengu hazihitaji kulowekwa muda mrefu.

Chemsha kwa nguvu. Tia maji mapya, na maharagwe yachemke kwa moto mkali dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguza moto. Maharagwe mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayoleta kutapika na kuhara, na moto mdogo peke yake hauiondoi. Kisha funika, yaive hadi punje ipondeke kati ya vidole viwili. Maharagwe ya zamani huwa magumu. Kantini inunue baada ya mavuno, yanapokuwa mapya na bei imeshuka. Tusitie magadi ili kuharakisha, kwa maana hupunguza vitamini.

Unga. Nyanya na vitunguu vitiwe maharagwe yakishaiva, maana uchachu wa nyanya huchelewesha kulainika. Karanga zilizotwangwa zikorogwe kwa maji kidogo, zitiwe, zichemke polepole huku ukikoroga zisishike chini. Mboga za majani ziwe za mwisho, dakika chache tu.

Posho. Unga usiokobolewa hutaka maji zaidi kidogo na mwiko wa muda mrefu zaidi. Anza kwa kukoroga uji, uchemke vizuri, ndipo uongeze unga na kusonga. Ukitaka kuwazoesha watu, anza na nusu unga mweupe na nusu usiokobolewa, kisha ongeza wiki hadi wiki. Wale wanaochanganya wimbi na unga wa muhogo wahakikishe muhogo huo ulilowekwa na kukaushwa vizuri. Muhogo mchungu usiotengenezwa sawasawa una sumu, na unadhuru hata tezi ya shingo.

6. CHUMVI NA CHAI

Nafaka na maharagwe zina iodini kidogo sana. Kwa hiyo sahani yetu, hata ikiwa nzuri namna gani, haiwezi kulisha tezi ya shingo bila chumvi yenye iodini. Tazama maandishi kwenye pakiti. Chumvi ya kupimwa sokoni bila pakiti haina hakika. Iwekwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na mvuke, na itiwe chakula kikiwa karibu kuiva, kwa sababu iodini hupotea kwa joto. Si lazima chumvi iwe nyingi, kwani nyingi hupandisha shinikizo la damu.

Tezi hiyo huhitaji pia madini ya chuma, ambayo ndiyo hujenga damu. Akina mama hupoteza chuma kila mwezi na wakati wa uzazi. Maharagwe na mchicha vina chuma, lakini mwili huchukua kidogo tu ikiwa tunakunywa chai papo hapo. Ndugu zetu wa mashamba ya majani chai watatusamehe: chai ingoje kama saa moja baada ya kula. Limau, nyanya au chungwa pamoja na chakula husaidia chuma kuingia.

7. MANENO YASEMWAYO

"Soya humwondolea mwanamume nguvu zake." Si kweli. Utafiti uliokusanywa kutoka nchi mbalimbali umeonyesha kwamba soya ya kawaida ya chakula haipunguzi homoni ya kiume. Soya ichemshwe au ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa, iliwe kama maharagwe mengine.

"Kikomando hakifai." Kikomando, yaani chapati iliyokatwakatwa ndani ya maharagwe, ndicho chakula cha vijana wengi wa Kampala. Ubaya wake ni chapati nyingi za unga mweupe na mafuta. Uzuri wake ni maharagwe. Agiza chapati moja badala ya mbili, na maharagwe maradufu.

"Mwenye kisukari akila maharagwe aache dawa." Hili ni neno la hatari. Chakula bora husaidia dawa, hakichukui nafasi yake. Kuna wagonjwa ambao kongosho lao halitoi insulini kabisa, na bila sindano hufa. Mwenye kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara, kukonda bila sababu au vidonda visivyopona aende akapimwe. Mwenye shingo iliyovimba vilevile.

Na nyumbani tusiwasahau watoto. Mwaka 1965 Mulago ilianzisha kituo cha Mwanamugimu, ambacho kimewafundisha wazazi wengi kupika kitobero: chakula cha wanga, maharagwe au karanga, mboga na kitu kidogo cha nyama, samaki au maziwa, vyote pamoja, vikapondwa kwa ajili ya mtoto.

8. KAZI YA TAWI LETU

Mtu mmoja anaweza kubadili chungu cha nyumbani kwake. Chungu cha kantini hubadilishwa na wafanyakazi walioungana. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 40, inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na haki ya majadiliano ya pamoja. Shirika la Kazi Duniani nalo lilitoa Pendekezo Na. 102 la mwaka 1956 juu ya huduma za wafanyakazi, na chakula kazini kimo ndani yake. Mkataba wa pamoja unaosema tu "mwajiri atatoa chakula cha mchana" ni mkataba wenye tundu, maana uji mwepesi nao ni chakula. Mkataba uandike kilo: unga kiasi gani, maharagwe kiasi gani kwa watu 100, na chumvi ya aina gani.

Mwajiri akisema gharama ni kubwa, wajumbe wetu wajibu kwa hesabu. Kununua maharagwe kwa gunia baada ya mavuno na kuyaloweka hupunguza gharama ya chakula na ya makaa. Na ikiwa haiwezekani kupata yote kwa mwaka mmoja, tuchague la kwanza. Unga mweupe unaweza kungoja mazungumzo yajayo. Maharagwe yasingoje.

Kila tawi lichague watu wawili, mmoja wao awe mama, wawe wanasimama jikoni siku moja kwa wiki wakati maharagwe yanapopimwa, na waandike kilo katika daftari. Daftari la miezi mitatu ni shahidi mzuri mezani kuliko malalamiko ya miaka mitatu.

MASWALI YA MJADALA

1. Katika kantini yenu, kilo ngapi za maharagwe hupikwa kwa siku, na kwa watu wangapi? Kila mtu hupata gramu ngapi?
2. Insulini hufanya kazi gani? Kwa nini maharagwe huirahisishia kazi hiyo?
3. Unga wenu hukobolewa wapi, na pumba huenda wapi?
4. Chumvi ya kantini ina iodini? Nani ameisoma pakiti?
5. Mkataba wenu wa pamoja unasema nini juu ya chakula? Andikeni upya kifungu hicho kwa kutaja kilo, mkilete kwenye mkutano ujao wa tawi.